Wameomba kujenga makazi ya wazee mtaani kwetu: nianze kukagua wapi?

*Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa. Kampuni moja imeomba kibali cha kujenga makazi ya wazee wanaohitaji kusaidiwa shughuli za kila siku: vitanda 48, ghorofa mbili, kwenye viwanja viwili vya nyumba vilivyounganishwa. Maegesho ni 20. Wafanyakazi ni wa zamu tatu, asubuhi 16, alasiri 10, usiku 4. Mtaa wetu ni wa nyumba za familia na barabara ni nyembamba. Majirani wamegawanyika, wengine wanalia na thamani ya nyumba zao, wengine wanasema wazee nao wana haki ya kuishi penye utulivu. Tunatakiwa kutoa maoni ya maandishi kabla ya kikao cha mipango miji. Nimepewa faili nene na sijui nianzie wapi.*

Ndugu mjumbe,

Michoro iweke kando kwanza. Kabla hujahesabu magari wala kupima umbali wa ukuta na mpaka, pekua faili hilo utafute jibu la swali moja: kati ya wazee hao 48, ni wangapi wataweza kuamka usiku kengele ikilia na kutoka nje kwa miguu yao, bila kushikwa mkono? Sitashangaa ukikosa jibu. Maombi mengi ya namna hii yana kurasa za kutosha kuhusu bustani na rangi ya kuta, halafu yana sentensi moja tu kuhusu wakazi wenyewe. Na ni hiyo sentensi moja inayoamua idadi ya wafanyakazi, upana wa milango, aina ya ulinzi wa moto, gari la wagonjwa litaingia mara ngapi, hata jenereta litakuwa kubwa kiasi gani.

Makazi ya aina hii yako katikati. Si hospitali, wala si nyumba ya uuguzi yenye manesi saa 24. Mzee ana chumba chake na ufunguo wake. Anasaidiwa kuoga, kuvaa, kukumbushwa dawa, anapikiwa na kufuliwa. Shida ni kwamba watu hawabaki walivyo. Aliyeingia na mkongojo, baada ya miaka michache anatembelea kiti cha magurudumu, na wenye nyumba hawapendi kumfukuza mtu aliyekwisha kuzoea mahali. Kwa hiyo faili linaeleza wakazi wa siku ya ufunguzi, wakati jengo litahudumia wakazi wa mwaka wa tano. Kagua kwa ajili ya hao wa mwaka wa tano. Muulize mwombaji kwa maandishi: mkazi akishindwa kutembea kabisa, atabaki au atahamishwa? Mtapokea wenye dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na fahamu za kujiongoza? Mkiwapokea, ni vyumba vingapi, na mlango wao unafungwaje? Mlango wa wagonjwa hao mara nyingi huwekewa kufuli linalochelewa kidogo kufunguka ili wasipotee, na kufuli hilo lazima lijiachie lenyewe kengele ya moto ikilia. Kama hakuna aliyeandika habari zake, ujue bado halijafikiriwa.

Kwa nini nang'ang'ania suala la kutoka nje? Kanuni ya usalama wa moto ya NFPA 101, iliyotungwa na chama cha Marekani cha kukinga moto na kuigwa kwingineko, inayagawa makazi ya matunzo kwa muda ambao wakazi wanaweza kufika mahali salama: dakika 3 au chini yake, zaidi ya 3 hadi 13, na zaidi ya 13. Kundi la mwisho linahesabiwa kuwa watu ambao kuwahamisha kwa njia ya kawaida hakuwezekani. Jengo la kundi la kwanza na la kundi la tatu yanaweza kufanana kabisa ukiyatazama kutoka barabarani. Ndani ni majengo mawili tofauti.

Chukua takwimu za barua yako ufanye hesabu ya usiku wa manane. Ghorofa ya juu ina wazee 24. Tuseme 10 kati yao hawainuki bila kuinuliwa. Wafanyakazi ni wanne kwa jengo zima, yaani wawili kwa kila ghorofa. Lifti haitumiki wakati wa moto. Hao wawili hawatawashusha watu kumi kwenye ngazi kwa muda unaofaa, hata wawe hodari namna gani. Ndiyo maana jengo zuri la wazee halitegemei ngazi peke yake: kila ghorofa hugawanywa kwa ukuta usiopitisha moto wala moshi, na mzee husukumwa na kitanda chake kupita mlango wa moto hadi upande wa pili wa ghorofa ileile, akasubiri hapo wazimamoto. Ukuta huo unaonekana kwenye mchoro. Mara nyingi huchorwa kwa mstari mzito au kuandikiwa muda wa kustahimili moto, dakika 60 au zaidi. Ufuate kwa kidole kutoka ukuta wa nje mmoja hadi mwingine. Ukikatika katikati, au ukiishia kwenye dari la kuning'inia badala ya kupanda hadi sakafu ya juu au paa, liandike hilo liwe hoja ya kwanza kwenye barua yako.

Hoja ya pili iwe vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto. Tarehe 23 Januari 2014, katika mji mdogo wa L'Isle-Verte, Quebec, nchini Canada, moto ulizuka baada ya saa sita usiku kwenye makazi ya wazee na kuua watu 32. Wengi wao walitegemea vifaa vya kutembelea. Jengo lilikuwa na sehemu mbili: ile ya zamani, isiyo na vinyunyizio, iliteketea, ile mpya, iliyokuwa navyo na iliyotenganishwa kwa ukuta wa moto, ilibaki imesimama. Baadaye serikali ya Quebec ilitunga kanuni ya kuyalazimisha makazi mengi ya wazee kufunga vinyunyizio. Sioni mjadala hapa. Mwombaji akikwambia kuwa kengele na mitungi ya kuzimia moto vinatosha, muulize ni mzee gani wa miaka 86 atakayeushika huo mtungi.

Ukishatoka kwenye moto, shuka barabarani. Umesema ni nyembamba. Nyembamba kiasi gani? Chukua futi uipime, si kwenye ramani, nenda ukapime jioni magari ya majirani yakiwa yameegeshwa pande zote mbili. Kanuni nyingi za zimamoto zinataka njia iliyo wazi ya takriban mita 6 ili gari kubwa lipite na wazimamoto wafanye kazi. Ukikuta mita 4, una hoja ambayo hakuna mhandisi wa mwombaji atakayeipuuza, na mara nyingi suluhisho lake ni jepesi: kupiga marufuku kuegesha upande mmoja, au kulipatia jengo njia ya pili ya kuingilia.

Kuhusu wingi wa magari, majirani zako huenda wanaogopa kitu kisichokuwapo. Wazee hawa wengi hawaendeshi tena. Kwa vipimo vya taasisi ya wahandisi wa usafirishaji ya Marekani, ITE, ambavyo wapangaji miji wengi huvitumia kukadiria, makazi ya aina hii huzalisha safari kama 2.6 kwa kitanda kwa siku, wakati nyumba moja ya familia huzalisha kama 9.4. Kuingia ni safari moja, kutoka ni nyingine. Vitanda 48 ni kama safari 125 kwa siku, sawa na nyumba 13 za familia. Vipimo hivyo vimetokana na tabia za usafiri za huko, kwa hiyo vitumie kulinganisha tu. Kwenye viwanja viwili hilo bado ni ongezeko, lakini si mafuriko ya magari yanayosemwa kwenye mikutano ya hadhara.

Penye kasoro ni kwenye maegesho, na kasoro yenyewe ni ya dakika chache. Zamu ya asubuhi ina watu 16, ya alasiri 10. Wakati wa kupokezana, wa asubuhi hawajatoka na wa alasiri wamekwisha kufika: watu 26 kwa pamoja, maegesho 20, na bado hujamweka daktari, mtaalamu wa viungo, wala binti aliyekuja kumwona mama yake. Si wote watakuja na gari, hilo ni kweli, lakini mwombaji ndiye anayetakiwa kuonyesha ni wangapi watapanda basi na basi lenyewe linapita saa ngapi. Zamu ya usiku ikianza saa tano, na basi la mwisho likipita saa tatu, hao wanne watakuja na magari, na wale 10 wa alasiri watatoka na magari. Milango ya magari itafungwa saa tano usiku chini ya dirisha la jirani, kila siku ya mwaka. Hilo ndilo la kuandika. Ongeza na sikukuu, siku ambayo kila familia huja kwa wakati mmoja: mwombaji aonyeshe magari ya ziada yatawekwa wapi, na kama ni kwenye kiwanja cha taasisi ya jirani, basi makubaliano ya maandishi yawemo ndani ya faili.

Sasa zunguka nyuma ya jengo. Watu hutazama picha ya mbele, yenye miti na wazee wanaotabasamu kwenye benchi. Mimi naanzia nyuma, kwa sababu huko ndiko jengo la namna hii linakoishi: jiko la kupikia watu zaidi ya 48 mara tatu kwa siku, chumba cha kufulia mashuka, mapipa ya taka, mlango wa lori la vyakula, jenereta. Kwenye mchoro wako tafuta vitu hivyo vitano kisha uandike kando ya kila kimoja ni mita ngapi hadi dirisha la chumba cha kulala cha jirani wa karibu. Ukimaliza utakuwa na nusu ya barua yako.

Lori la vyakula lina mlio wa kurudi nyuma. Likija saa kumi na moja alfajiri, mtaa mzima umeamka. Uliza kama kiwanja kina nafasi ya lori kugeuka ndani, liingie kwa mbele na kutoka kwa mbele. Mchoro mzuri huonyesha mstari wa magurudumu yake yanavyopinda, usipouona, uombe. Feni ya kutolea moshi jikoni ipande juu ya paa, isielekezwe pembeni kwa jirani. Mtego wa mafuta kabla ya maji machafu kuingia kwenye bomba la mtaa ni lazima, na mamlaka ya maji taka ithibitishe kwa barua kwamba bomba lililokuwa likihudumia nyumba mbili litabeba vyoo vya watu 48, jiko na dobi. Kama mtaa unatumia makaro, hapo mzigo ni mkubwa zaidi na mhandisi wa maji taka aonyeshe hesabu zake. Sindano na taka nyingine za tiba zisichanganywe na taka za kawaida. Chombo chake kifungwe kwa ufunguo.

Jenereta nalitaja peke yake kwa sababu majirani huliona kero na mimi naliona uhai. Septemba 2017, baada ya kimbunga Irma kupiga Florida, nyumba moja ya uuguzi katika mji wa Hollywood wa huko ilipoteza umeme wa kupoza hewa, na vifo 12 vya wazee vilihusishwa na joto lile. Mwaka 2018 jimbo hilo lilizilazimisha nyumba za uuguzi na makazi ya wazee kuwa na umeme wa dharura wa kuwezesha kupoza hewa kwa saa 96, joto lisizidi takriban nyuzi 27 za Selsiasi. Kwa hiyo usiombe jenereta liondolewe. Omba liwekwe mbali na mpaka, ndani ya kibanda cha kuzuia sauti, bomba la moshi lielekee juu, na tangi la mafuta liwe na kizuizi cha kuvuja. Jenereta za namna hii hujaribiwa kwa kuwashwa kama dakika 30 kila mwezi. Majaribio yafanyike siku ya kazi mchana. Ni sharti dogo ambalo hakuna mwombaji atakayeligomea, na litawaokoa watu wengi na ngurumo ya Jumapili asubuhi.

Mengine niyapitie haraka. Madirisha ya ghorofa ya juu yasichungulie ndani ya ua wa jirani. Kioo kisichoonyesha au kuyapanga upya kunatosha. Taa za maegesho ziwe fupi, ziangaze chini. Maji ya mvua kutoka paa kubwa na lami yasitiririkie kwa jirani wa chini. Njia ya mteremko mlangoni isizidi sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele. Njia ya waenda kwa miguu iwepo hadi kituo cha basi, kwa sababu wafanyakazi wataitumia, na wazee wenye nguvu pia watataka kutoka. Ukubwa wa jengo lenyewe ni hoja halali: ukuta mmoja mrefu wa mita 50 kati ya nyumba za mita 12 hauendani na mtaa, na mwombaji anaweza kuombwa auvunje vunje na kushusha paa kwenye ncha zinazoelekea majirani.

Tuje kwenye lile ulilolitaja kwa upole, la majirani waliogawanyika. Kuna mambo ambayo hupaswi kuyaandika kwenye maoni ya kamati hata yakipigiwa kura na mtaa mzima. "Hatutaki kuona wagonjwa." "Wenye kuchanganyikiwa watatuletea fujo." "Magari ya maiti yatatupa uchuro." Zaidi ya kuwa ni ukatili, maneno hayo yanaua hoja zenu nzuri. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mji wa Cleburne, Texas, ulioitaka nyumba ya watu 13 wenye ulemavu wa akili iombe kibali maalumu, wakati hospitali na nyumba za wazee kwenye eneo hilohilo hazikutakiwa kufanya hivyo. Mji ulitaja hofu ya majirani miongoni mwa sababu zake. Mahakama iliukatalia: hofu na chuki za watu si msingi wa kumnyima mtu kibali. Mwaka 1988 sheria ya makazi ya nchi hiyo iliongezewa ulinzi wa watu wenye ulemavu. Nchi yako ina sheria zake, zisome, lakini mantiki hiyo utaikuta mahali pengi: mipango miji inahukumu matumizi ya ardhi, haihukumu aina ya watu.

Thamani ya nyumba nayo niiache hapo. Si hoja inayoshinda kwenye vikao, na kinachoishusha, kama kipo, ni yale yale niliyokwisha kuyataja: lori la alfajiri, harufu ya mapipa, magari yaliyoziba mlango. Andika chanzo, acha matokeo.

Kinyume chake, usikubali pia ile hoja laini ya mwombaji kwamba "hii ni nyumba tu kama nyumba nyingine". Watu sita wanaoishi pamoja na mhudumu mmoja, ndiyo, hiyo ni nyumba. Sheria ya mipango ya Uingereza hulichukulia kundi la hadi watu sita wanaoishi kama kaya moja na kupewa matunzo kuwa katika daraja moja na nyumba ya familia, na makazi makubwa ya matunzo huyaweka daraja jingine kabisa. Vitanda 48 vyenye zamu tatu ni taasisi. Taasisi inaweza kukaa vizuri mtaani, tena mimi nadhani mahali pa wazee ni palepale penye watu wengine, si pembezoni karibu na barabara kuu walikobaki kutazama malori. Lakini ikae ikijulikana kuwa ni taasisi, yenye masharti ya taasisi.

Masharti ndiyo silaha yako. Kwenye kikao utasikia ahadi nyingi nzuri: hatutapokea lori usiku, hatutazidi watu kadhaa, tutapanda miti. Ahadi ya mdomoni haimfungi anayeitoa, na haimfungi kabisa atakayenunua jengo baada yake. Makazi ya wazee huuzwa na kununuliwa kama biashara nyingine, na kwa kawaida kibali hufuata ardhi, hakimfuati mtu. Kwa hiyo kila ahadi igeuze kuwa sharti lenye namba: vitanda visizidi 48, malori kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, wahudumu wa usiku wasipungue idadi fulani, na idadi hiyo ipande wakazi wasioweza kujiinua wakizidi kiwango kilichotajwa, mtu mmoja mwenye simu inayopokelewa saa zote kwa malalamiko ya majirani, miti ikifa ndani ya miaka mitatu ipandwe mingine. Kama mipango miji kwenu haina mamlaka juu ya idadi ya wahudumu, sharti hilo lipelekwe kwa mamlaka inayotoa leseni ya matunzo, na nakala iingie kwenye faili. Na liwepo sharti la matumizi: jengo ni la wazee wanaosaidiwa, likitaka kugeuzwa kuwa hosteli au hospitali liombe upya.

Mwisho wa barua, orodhesha nyaraka mnazozidai kabla kikao hakijaamua: mpango wa kuwahamisha wakazi usiku, barua ya zimamoto, barua ya maji taka, mchoro wa lori likigeuka, jedwali la zamu lenye saa. Nakala mpelekee mwombaji mwenyewe siku kadhaa kabla ya kikao. Mwombaji makini atakuja na majibu mkononi. Asiyekuja nayo, iombeni kamati ya mipango miji iahirishe uamuzi hadi nyaraka hizo zipatikane.